Jarida ni la Nani? Jina, Amana na Deni katika Uendeshaji wa Majarida ya Kitaaluma

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza matini ni ya nani. Tangu Roland Barthes atangaze kifo cha mwandishi katika insha yake ya mwaka 1967, swali hilo limejadiliwa katika kumbi za mihadhara za Nairobi na Dar es Salaam kama lilivyojadiliwa Paris, na wanafunzi wa uzamili wameliandikia tasnifu kiasi cha kulichosha. Ajabu ni kwamba chombo kinachoubeba mjadala huo, yaani jarida la kitaaluma lenyewe, ni nadra kuulizwa swali la namna hiyo. Jarida huchukuliwa kama rafu: mahali pa kuwekea fikra za watu, pasipo na fikra wala wajibu wa pake penyewe. Mhariri hukumbukwa pale mswada unapokataliwa, na mchapishaji hukumbukwa pale maktaba inaposhindwa kulipa. Hata hivyo, mabadiliko katika uendeshaji wa jarida yanaweza kuzua suala la kimaadili lililo gumu kuliko mengi yanayojadiliwa ndani ya kurasa zake. Jarida likibadilisha jina, wahariri, lugha, makao au mmiliki, ni kitu gani kinachobaki hata liendelee kuitwa jarida lile lile? Na wale wanaolihudumia wanawajibika kwa nani: kwa jina, kwa mwenye jina, au kwa kitu kingine ambacho hakijapewa jina bado?

Suala hili lilijitokeza waziwazi mwishoni mwa Oktoba 2015. Wahariri wote sita wa Lingua, jarida la isimu lililoanza kutolewa mwaka 1949 na ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Elsevier, walitangaza kujiuzulu. Wajumbe wote 31 wa bodi ya wahariri wakafanya vivyo hivyo. Wakiongozwa na Johan Rooryck wa Chuo Kikuu cha Leiden, wahariri hao walikuwa wamemwekea mchapishaji masharti: makala yote yaweze kusomwa na yeyote bila malipo, waandishi wabaki na hakimiliki ya kazi zao, ada anayotozwa mwandishi isizidi yuro 400, na jina la jarida, ambalo ndilo sharti lililokuwa zito kuliko yote, likabidhiwe kwa wahariri. Mchapishaji alikataa. Jibu lake lilikuwa kwamba bei hiyo isingeweza kuliendesha jarida, na kwamba kampuni ilikuwa imetumia muda, fedha na nyenzo nyingi kulifikisha jarida mahali lilipokuwa. Mwaka 2016 watu wale wale, kwa taratibu zile zile za kupitisha miswada, wakaanza kutoa jarida jipya waliloliita Glossa. Lingua nalo halikufa. Mchapishaji aliteua wahariri wengine akaendelea kulitoa kwa jina lake la kale, na wapinzani wake wakalibandika jina la kejeli, wakilifananisha na maiti inayotembea.

Kejeli hiyo inachekesha, lakini haitatui lolote. Inachukulia kwamba roho ya jarida ilikuwa ndani ya wale waliotoka, na kwamba kilichobaki ni kiwiliwili tu. Hilo ndilo hasa linalohitaji kuthibitishwa.

Wanafalsafa wana mfano wao wa zamani ambao unafaa kurejelewa hapa. Plutarch anasimulia habari za merikebu ya Theseus, iliyohifadhiwa na watu wa Athens kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mwingine mahali pake, hata mabingwa wa hoja wakawa wanabishana kama ni merikebu ile ile au siyo. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes aliongeza utata. Alisema, chukulia kwamba kuna mtu aliyekuwa akiziokota mbao kuukuu kila zilipotolewa, akaziweka, kisha akaziunga tena kwa mpangilio wake wa awali. Sasa zipo merikebu mbili. Moja iko gatini, ina jina, ina kibali, na watu wamezoea kuiona pale. Nyingine ina mbao zote za asili. Ni ipi iliyo ya Theseus? Fundi wa majahazi wa Lamu huenda angelishangaa swali hili, maana kwake chombo ni mkuku wake, na mbao huja na kwenda. Lakini kisa cha Lingua na Glossa kinaufuata mfano wa Hobbes kama kivuli kinavyomfuata mtu: gatini kumebaki jina, na mbao zote zimekwenda kuungwa kwingine.

Jibu la kwanza ni la sheria, na halihitaji maneno mengi. Jina ni mali; lina mwenyewe; aliye nalo ndiye mwenye jarida. Jibu hili lina faida ya kuwa wazi, na mahakama yoyote ingelikubali. Lakini sheria ya mali inaeleza ni nani anayeweza kuuza jina, haielezi ni kwa nini jina hilo lina thamani ya kuuzwa. Thamani ya Lingua ilitokana na kazi ya waandishi ambao hawakulipwa, ikapimwa na wataalamu waliopitia miswada bila malipo, na ikatambuliwa na wasomaji ambao aghalabu vyuo vyao ndivyo vilivyolipa ili waisome. Kusema hivi si kuikana kazi ya mchapishaji. Uchapaji, usambazaji na utunzaji wa kumbukumbu ni kazi, na mtu yeyote aliyewahi kulitoa jarida la idara kwa mashine ya kurudufu, huku akizunguka ofisi kwa ofisi kutafuta rimu za karatasi, hatazidharau.

Jibu la pili ndilo linalopendwa na wengi: jarida ni watu. Kwa mujibu wa jibu hili Glossa ndiyo Lingua ya kweli. Nguvu ya jibu hili ni kwamba linaitambua kazi. Udhaifu wake ni kwamba likichukuliwa kwa uzito linabomoa kila jarida. Wahariri hustaafu, hufa, huhamia vyuo vingine. Mhariri wa leo wa jarida lenye umri wa miaka 60 hakuwa amezaliwa lilipoanza. Kama jarida ni watu, basi kila kizazi kina jarida lake, na hakuna kinachorithiwa. Fauka ya hayo, ni watu gani hao? Wale waliokuwamo bodini Oktoba 2015 walikuwa sehemu ndogo tu ya watu ambao Lingua ilijengwa juu ya migongo yao. Msomi aliyeandika humo mwaka 1955 na akafariki kabla ya wahariri hawa kufika hakuulizwa kama angependa kuhama. Makala yake yalibaki nyuma, chini ya jina ambalo waliohama walikuwa wakilikana.

Historia ya majarida inaonyesha kwamba suala hili lina umri sawa na majarida yenyewe. Philosophical Transactions, lililoanza London Machi 1665, halikuwa la Royal Society ingawa watu wengi walidhani hivyo. Lilikuwa la Henry Oldenburg, katibu wa chama hicho, ambaye alilitoa kwa jukumu lake mwenyewe akitarajia kujipatia riziki. Baada ya kifo chake mwaka 1677 lilipitia mikononi mwa makatibu wengine, na kwa miongo kadhaa chama kilishikilia kwamba jarida si lake. Mwaka 1752 ndipo chama kilipolichukua rasmi na kuunda kamati ya kupiga kura juu ya makala yatakayochapishwa. Jambo linalostahili kuangaliwa ni tangazo lililoandamana na mabadiliko hayo. Chama kilikubali kuwajibika kwa uteuzi wa makala, lakini kikasisitiza kwamba, kikiwa chama, hakitoi rai juu ya jambo lolote linaloelezwa humo. Yaani kililipokea jarida kwa kutaja mipaka ya kile ambacho kiko tayari kukijibia. Watu wale wa 1752 waliona jambo ambalo mjadala wa leo juu ya majina na watu umelisahau: kumiliki jarida ni kukubali kuulizwa.

Kutoka hapo ni vyema kugeukia jarida lililo karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliundwa kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Kamati ilianza kutoa taarifa yake, ambayo sehemu kubwa iliandikwa kwa Kiingereza, ikijadili tahajia, istilahi na vitabu vya shule. Makao ya Kamati yalikuwa Dar es Salaam. Mwaka 1942 yakahamishiwa Nairobi. Mwaka 1952 yakaenda Makerere. Mwaka 1962 yakafika Mombasa, na mwaka uliofuata yakarejea Dar es Salaam, ambako Kamati iliingizwa katika Chuo Kikuu na kuzaa taasisi iliyokuja kujulikana kwa jina la TUKI. Mwaka 2009 TUKI nayo ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili ikawa TATAKI. Katika safari hiyo yote jarida lilibadilika nalo. Taarifa iligeuka kuwa jarida la Kamati. Jarida la Kamati likaja kuitwa Swahili. Na mwaka 1970 likaitwa Kiswahili, jina ambalo linalo hadi leo. Lugha yake ilibadilika, wahariri wake walibadilika, dola iliyokuwa juu yake ilibadilika. Ikiwa kuna merikebu ambayo ubao wake mmoja wa asili haukubaki, ni hii.

Na bado hakuna mtaalamu wa Kiswahili anayeyahesabu kuwa majarida mbalimbali. Mjalada wa mwaka 1969, chini ya jina la Swahili, ulikuwa wa 39. Ule wa 1970, chini ya jina la Kiswahili, ukawa wa 40. Hesabu haikurudi kwenye moja. Tarakimu hiyo, ambayo mkutubi huipita bila kuitazama mara mbili, ni uamuzi wa kimaadili. Waliolibadilisha jina mwaka 1970 walikuwa na kila sababu ya kuanza upya. Jarida walilolirithi lilikuwa zao la utawala wa kikoloni. Lilianzishwa ili maofisa wa elimu na wamishenari wakubaliane jinsi ya kukiandika Kiswahili, na katika miaka ya mwanzo wenye lugha wenyewe hawakuwa na sauti katika maamuzi yaliyotolewa humo. Uteuzi wa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, uliofanywa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliwaacha washairi wa Mombasa na Lamu na malalamiko ambayo hayajaisha. Mtu anayetaka kujitenga na historia hiyo angeweza kuandika «Mjalada wa 1» kwenye jalada jipya, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kuandika 40 badala ya 1 ni kusema kwamba yale 39 ni yetu pia, pamoja na makosa yake. Si kuyakubali makosa. Ni kukubali kuwa mahali ambapo makosa hayo yatajibiwa. Mtu anayerithi shamba pamoja na deni lake yuko katika hali tofauti na yule anayenunua shamba jipya ng'ambo ya mto. Wa pili ana mikono safi. Wa kwanza ana anwani, na mdai akija anajua abishe mlango upi. Kwa hakika mambo mengi yaliyochapishwa katika jarida hilo la Kamati yamekuja kusahihishwa na wataalamu wa Kiafrika katika kurasa za jarida lile lile lililokuwa limeyatoa, na hilo limewezekana kwa sababu uzi haukukatwa. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, iliyotolewa na W. H. Whiteley kama nyongeza ya jarida mwaka 1958 na 1959, husomwa hadi leo kama sehemu ya urithi wa jarida ambalo sasa lina jina jingine, na mhakiki anayetaka kuishambulia tafsiri yake anajua anaingia katika mazungumzo gani.

Dhana ya kupokea pamoja na kujibia si ngeni kwa fasihi ya pwani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hayakufika kizazi hiki kwa njia ya umiliki. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kutoka vinywani mwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka, mmishenari W. E. Taylor akayapokea na kuyaandika pamoja na maelezo. Karatasi zake zikaishia London. William Hichens akayatoa kwa umbo la diwani mwaka 1940. Na Mohamed H. Abdulaziz akayashughulikia upya katika kitabu chake cha mwaka 1979, akiyaweka mashairi katika mazingira ya jamii iliyoyazaa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwenye mashairi hayo. Kila mmoja alikuwa mshika amana, na amana kwa maana yake ya asili ni kitu ambacho mshikaji anaweza kukidaiwa. Mtu anaweza kubisha, na ana haki, kwamba karatasi za Mombasa kukaa London ni amana iliyokaa mbali sana na mwenyewe. Lakini ubishi wenyewe unaonyesha kwamba yupo anayeulizwa.

Ikiwa haya yanakubalika, basi kipimo cha utambulisho wa jarida si jina, wala si orodha ya wahariri iliyo nyuma ya jalada. Kipimo ni swali dogo la kiutendaji: msomaji akigundua leo kosa katika makala yaliyochapishwa miaka 30 iliyopita, ampelekee nani masahihisho, na nani ana wajibu wa kuyachapisha? Yule anayewajibika kujibu ndiye jarida. Hili si jambo la kinadharia tu. Makala ya zamani hayafi. Hunukuliwa, hutiwa katika tasnifu, hurithisha makosa yake kwa wanaoyanukuu. Chukulia mtafiti wa Eldoret anayegundua kwamba mfano wa sentensi ya Kiswahili katika makala ya Lingua ya miaka ya themanini ulinakiliwa vibaya, upatanisho wa ngeli umevurugika, na kwamba hoja nzima ya kinadharia imejengwa juu ya kosa hilo. Akiliandikia Lingua, anawaandikia watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na jarida hilo makala yale yalipopitishwa, na ambao waliteuliwa na mwenye jina baada ya mkondo wa urithishaji kukatika. Akiliandikia Glossa, anawaandikia watu wanaoweza kulielewa kosa hilo kikamilifu, wanaojiona kuwa warithi halali wa jarida lile, lakini ambao hawawezi kutia masahihisho katika kurasa zisizo zao. Jina liko huku, na uwezo wa kujibu uko kule.

Hapa ndipo sifa wanazopewa wahariri wa 2015 zinapohitaji kupunguzwa kidogo, ingawa si kufutwa. Walifanya jambo la ujasiri. Waliacha cheo ambacho wengi wangekishika kwa meno. Walionyesha kwamba jarida lenye heshima linaweza kusomwa bila malipo, jambo ambalo kwa maktaba za Afrika lina uzito kuliko nadharia yoyote ya umiliki, kwani msomaji wa Moi au Makerere asiyeweza kulipa alikuwa amefungiwa nje ya jarida hata kabla ya mtu yeyote kujiuzulu. Lakini walipoondoka waliacha nyuma miaka 66 ya kazi za watu wengine. Walijaribu kuepuka hilo: ndiyo maana walidai jina. Dai hilo, ambalo baadhi ya watu waliliona kama kiburi, lilikuwa kiini cha uadilifu wao, kwa kuwa kulitaka jina kulikuwa ni kulitaka deni lililofungamana nalo. Mchapishaji alipokataa kulitoa, alikataa pia kuwaachia deni, na hakuna ushahidi kwamba yeye mwenyewe alilitambua kuwa ni deni. Kwa upande wa hesabu, lilikuwa ni rasilimali.

Visa vya aina hii ni vingi, na si vyote vinavyofanana. Mwaka 1999 wahariri 50 waliliacha Journal of Logic Programming. Mwaka 2001 wengine 40 waliliacha Machine Learning. Mwaka 2006 bodi nzima ya Topology ilijiuzulu, ikaanzisha jarida lenye jina linalokaribiana mno na lile la kwanza chini ya chama cha wanahisabati wa London, na baada ya muda Topology lenyewe likakoma. Katika kisa hicho cha mwisho angalau hakuna anayeweza kuchanganyikiwa. Merikebu moja imezama, na kila mtu ameiona ikizama. Hali ni mbaya zaidi pale ambapo zote mbili zinaelea na zote zinapokea abiria.

Kisa cha karibuni kinaigusa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Journal of Human Evolution, lililoanza mwaka 1972, ndimo ambamo sehemu kubwa ya utafiti juu ya visukuku vya Turkana na Koobi Fora umejadiliwa. Desemba 2024 wahariri wake, isipokuwa mmoja, walijiuzulu. Miongoni mwa malalamiko yao ilikuwamo ada ya dola 3,990 iliyokuwa ikitozwa mwandishi aliyetaka makala yake yasomwe bila malipo. Ilikuwamo pia hatua ya mchapishaji, Elsevier, ya kuondoa msaada wa mhariri wa lugha. Lakini lalamiko lenye kumgusa zaidi mtu wa fasihi ni jingine. Wahariri walieleza kwamba mwishoni mwa 2023, bila wao kushauriwa wala kuarifiwa, akili bandia ilianza kutumika katika utayarishaji wa makala, na kurasa za majaribio zikarudi zikiwa zimenyang'anywa herufi kubwa katika nomino zote za pekee: enzi za kijiolojia, mahali palipofukuliwa, nchi, miji, majina ya viumbe. Walisema iliwachukua miezi sita kuondoa kasoro hiyo.

Mtu anaweza kuona kwamba herufi kubwa ni jambo dogo la kumfanya mwanazuoni aache kazi yake. Mhakiki hawezi kuona hivyo. Jina la mahali likiandikwa kwa herufi ndogo limeacha kuwa jina. Limekuwa neno tu, na mfupa uliofukuliwa mahali hapo umepoteza kwao. Waandishi walikuwa wameandika sawasawa. Wahariri walikuwa wamepitisha sawasawa. Mashine ikaharibu kilichokuwa sahihi, na aliyeitia mashine hiyo hakuona haja ya kumwambia yeyote. Katika kila uendeshaji wa jarida makosa hutokea. Kinachotofautisha kosa na usaliti ni kama yupo aliyekuwa tayari kulijibia kabla halijatokea. Mashine haiwezi kulipokea deni, na aliyeiweka mahali pa mhariri alikuwa amekwisha kuamua kwamba deni halipo.

Wahariri walioondoka wamesifiwa sana. Yule mmoja aliyebaki hakusifiwa, na sababu zake ni zake. Hata hivyo kuna hoja ya jumla inayoweza kutolewa kwa niaba ya mtu yeyote anayebaki katika hali kama hiyo, na haijatolewa vya kutosha. Siku bodi inapojiuzulu, ipo miswada iliyo katikati ya safari. Mmoja wa waandishi huenda ni mhadhiri kijana ambaye mkataba wake unategemea kuchapishwa katika jarida lenye jina, maana kamati ya kupandishwa vyeo inalitazama jina, haitazami ni nani aliyemo bodini. Mswada wake umekaa miezi minane. Mpimaji mmoja amejibu, mwingine bado. Kwa kijana huyu, jarida jipya lenye maadili mema na lisilo na jina bado halina msaada. Anayeondoka kwa ajili ya haki ya wasomaji wote anamwacha msomi mmoja mlangoni. Wahariri wa Lingua walilijua hilo, ndiyo maana walibaki katika nafasi zao hadi mwisho wa 2015 huku wakiimaliza kazi iliyokuwa mikononi. Miezi hiyo miwili ya kazi isiyo na utukufu haitajwi katika tenzi za kuwasifu, ilhali huenda ndiyo iliyokuwa safi kuliko yote waliyoyafanya.

Wasomi wa Afrika Mashariki wana uzoefu wao wa jambo hili, na haufanani na ule wa Leiden. Majarida ya idara hapa hayanyang'anywi na kampuni. Hufa kwa kukosa karatasi, fedha, au mhariri mwenye moyo. Toleo la kwanza hutoka kwa hotuba na picha. La pili huchelewa mwaka mzima. La tatu hutangazwa, miswada hukusanywa, kisha mwenyekiti mpya wa idara huingia na fikra zake, akaanzisha jarida jingine lenye jina zuri zaidi na mjalada wa kwanza. Miswada ile ya toleo la tatu hubaki katika kabati, na waandishi wake hawaandikiwi barua. Hakuna kampuni ya kigeni ya kulaumiwa katika hili. Ni ile ile tabia ya kununua shamba ng'ambo ya mto badala ya kulipa deni la shamba la urithi, na ni tabia ambayo, kwa kuwa haina adui, haina pia wa kuipinga. Ukilinganisha, aliyeandika «40» mwaka 1970 alikuwa na adui wa wazi wa kumkana, na bado hakumkana.

Kwa hiyo mtafiti anayeketi leo katika maktaba, akaipekua taarifa ya Kamati ya miaka ya thelathini, akakuta humo uamuzi juu ya neno la Kimvita ambao mwenye lahaja asingeukubali, ana mahali pa kuupeleka ubishi wake. Anaweza kuuandika kwa Kiswahili, lugha ambayo waliotoa uamuzi huo waliijadili kwa Kiingereza, akaupeleka Dar es Salaam, na mhariri atakayeupokea hatamwambia kwamba kosa hilo ni la jarida jingine.